Nilivyoichomoa vepa kwenye betri nikaifunga kwenye kompyuta ya mezani

Kazi yangu mi ni ya kukaa mbele ya kompyuta, naanza asubuhi mpaka macho yanawasha, na kipindi navuta sigara za kawaida nilikuwa navutia hapo hapo mezani, majivu yanadondokea kwenye kibodi mpaka herufi A ikawa inagoma. Nilipohamia kwenye vepa, ile sigara ya kielektroniki, nikajua nimepumzika, kumbe nimejitafutia kazi nyingine ya kuchaji betri. Vepa yenyewe ilikuwa ya umbo la kalamu, na kile kikalamu kilikuwa na betri ndogo, ukiitoa kwenye chaji inasoma volti 4.2, ukivuta vuta inakuwa 3.7, ikikaribia kuisha iko 3.3 hivi halafu inakata. Na ladha inashuka nayo. Mwanzo unapata mvuke wa maana, baada ya masaa kadhaa unavuta mpaka mashavu yanabonyea na kinachotoka ni kama pumzi ya mtu anayefuta kioo cha miwani.

Nikakaa nikapiga hesabu kwa nini inakuwa hivo wakati volti zenyewe hazijashuka sana. Koili yangu, kale kawaya kanakopata moto kugeuza maji ya vepa kuwa mvuke, ilikuwa na ukinzani wa omu 2. Nguvu ni volti mara volti gawanya kwa omu, sa kwenye 4.2 unapata wati 8.8 na kwenye 3.3 unapata wati 5.4, yaani volti zimepungua kama moja ya tano tu lakini joto linaloifikia koili limepungua karibu asilimia 40. Ndo maana unaona tofauti kubwa hivyo mdomoni. Na hapo ndo nikaangalia chini ya meza.

Chini ya meza kuna lile boksi watu wanaloliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kidude kidogo tu cha ndani, na ndani ya boksi kuna pawa saplai ya ATX, ile inayogawa umeme kwa kompyuta nzima, ambayo haichoki. Waya wa njano volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3, mweusi ndo ardhi, yaani upande wa hasi, na ule wa zambarau una volti 5 muda wote hata kompyuta ikizimwa, alimradi iko kwenye umeme. Nikajiambia, we una mto mlangoni unahangaika na ndoo. Nataka volti zisizoshuka, na nataka niweze kuzipandisha na kuzishusha nipendavyo, kwa kitufe cha kuzungusha kama cha volumu ya redio. Basi.

Kabla sijaendelea niseme tu, kama huvuti usije ukaanza kwa sababu ya waya. Nikotini inashika, na mi nimeingia huku nikitokea kwenye sigara, sikutokea kwenye usafi.

Jaribio la kwanza nilifanya lile ambalo kila mtu angelifanya, USB. Nikakata waya wa kuchajia simu iliyokufa, ndani kuna nyaya nne, mwekundu na mweusi wa umeme, mweupe na wa kijani wa data, nikazitupa za data pembeni nikaunga mwekundu na mweusi kwenye tundu nililolitoa kwenye kikalamu kibovu, pale mahali atomaiza, ile sehemu yenye koili na maji, inapojifungia kwa kuzungusha. Nikachomeka. Nikavuta. Kipanya kikafa, kibodi ikafa, kompyuta ikaniandikia kwamba kuna kifaa kimevuta umeme kupita kiasi, na mvuke hamna. Nilikuwa sijafanya hesabu ndogo kabisa, volti 5 kwenye omu 2 ni ampea 2.5, na mlango wa USB 2.0 umepangiwa ampea 0.5. Nilikuwa naomba mara tano ya kilichopo. Bahati nzuri madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ina kinga yake pale, nikazima nikawasha kila kitu kikarudi, ila somo niliondoka nalo nusu, manake nilichoelewa siku ile ni kwamba "USB ni dhaifu", sikuelewa kwamba tatizo ni mimi kuangalia volti bila kuangalia ampea.

Sa kama USB ni dhaifu si niende kwenye chanzo? Ndani ya boksi kulikuwa na plagi ya Molex inaning'inia tu haina kazi, ile nyeupe yenye pini nne, njano, nyeusi mbili, nyekundu. Nikachukua nyekundu na nyeusi, nikapitisha waya kwenye tundu la nyuma la kadi, ukaja mpaka mezani. Ile ikafanya kazi. Ikafanya kazi sana! Volti 5 kwenye omu 2 ni wati 12.5, nilivuta mara moja koo likawaka nikakohoa mpaka nikainama, na ladha ilikuwa ya kitu kinachoungua, lakini mvuke ulijaa chumba na mimi nikajiona mhandisi.

Kosa lenyewe nililigundua siku ya tatu. Koili ni waya tu umejikunja, haijui chanya wala hasi, ukiigeuzia umeme inapata moto vile vile. Mi nilikuwa nimeunga kinyume bila kujua, mwekundu nimeupeleka kwenye ganda la nje na mweusi kwenye pini ya katikati, na kwa sababu ilikuwa inatoa mvuke sikuwa na sababu ya kukagua. Sa boksi la kompyuta ni la bati, na bati lile limeungwa na nyaya nyeusi zote. Unaona inapoelekea. Simu ikaita, nikainama kuichukua, vepa nikaiweka juu ya boksi, juu ya bati, kama mtu anavyoweka kalamu.

Ilipiga shoti cheche ikaruka, kompyuta ikazima papo hapo, feni zikawa zinamalizia kuzunguka kwa ule mlio wa kushuka. Kazi ya masaa mawili niliyokuwa sijaisevu ikaenda. Lakini kilichonitisha zaidi ni waya. Nilitumia waya mwembamba, na kabla pawa saplai haijajikata ule waya ulikuwa umeshapata moto, plastiki imelainika imekunjamana kwa urefu wa kama kidole, na ulikuwa umepita juu ya zulia. Nikabonyeza swichi ya kuwasha, kimya. Nikajua nimeua kila kitu. Mpaka nilipochomoa waya wa ukutani, nikakaa dakika chache nikarudisha ndo ikawaka, manake zile kinga zikishajikata mara nyingi hazirudi mpaka uondoe umeme kabisa.

Mjomba wangu ni fundi wa redio wa zamani, nikampigia nikiwa bado natetemeka.

"Mjomba, shikamoo. Pawa saplai si ina kinga, mbona waya umeungua?"

"Marahaba. Kinga ya nani?"

"Ya shoti."

"Inajikinga yenyewe hiyo, haikukingi wewe. Hiyo ikiona ampea ishirini inaona kawaida tu, ndo kazi yake. Sa huo waya wako wa hedifoni unaweza ampea ishirini?"

Nikanyamaza.

"Fyuzi uliweka wapi?"

Nikanyamaza tena. Hakunigombeza, akacheka kidogo kile kicheko cha pua, akasema nikitaka kuendelea niende kwake niazime mita yake, manake nilikuwa nafanya yote haya bila mita. Ndo hivyo, bila mita. Nilikuwa nasoma rangi za nyaya tu.

Basi nikaanza upya kwa adabu. Mita mezani, fyuzi kwenye waya wa chanya karibu kabisa na plagi ya Molex sio kule mwisho, manake fyuzi ikiwa mwisho wa waya inalinda nini sasa, waya wenyewe wote uko wazi. Ganda la nje hasi, pini ya katikati chanya, nikapima mara tatu. Na nikaingia kwenye suala lenyewe la kubadilisha volti.

Kila niliyemuuliza alitaja LM317. Ni regulata, yaani kidude cha kushikilia volti, ya miguu mitatu ya siku nyingi, unaiwekea rizista mbili za kuzuia umeme, moja ukiifanya potenshometa, yaani rizista ya kuzungusha, unapata volti unazotaka kuanzia 1.25 kwenda juu. Rahisi mno. Nikaiweka kwenye waya wa njano, volti 12 ziingie, zitoke 4. Nilivyoibana kwenye bati la boksi ili ipoe nikapiga shoti nyingine, kumbe mgongo wa chuma wa LM317 haujaungwa na ardhi, umeungwa na mguu wa kutolea umeme, sa ukiigusisha na bati umeshatuma umeme wako wote chini. Safari hii nilikuwa na fyuzi, na regulata yenyewe inajibana ikizidiwa, kwa hiyo hakuna kilichokufa, nikaweka karatasi ya maika isiyopitisha umeme katikati na kile kibushi cha plastiki kwenye skrubu, tukaendelea.

Ikawasha. Nikavuta mara ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu mvuke ukaanza vizuri ukafifia katikati ya kuvuta, kama mtu anayesahau alichokuwa anasema. Nikagusa bati la kupoozea nikatoa kidole haraka. Hebu tazama hesabu, inaingia 12 inatoka 4, volti 8 zimebaki hapo ndani ya regulata, na koili inavuta ampea 2, nane mara mbili ni wati 16 za joto zinakaa kwenye kidude kidogo kama ukucha, wakati koili yenyewe inapata wati 8. Yaani nilikuwa napasha moto regulata mara mbili ya ninavyopasha koili. Ningekuwa na akili ningevuta ile regulata. Na juu ya hapo kwa maandishi yake LM317 mwisho ni ampea 1.5, nami nataka 2, kwa hiyo ilikuwa inajibana, inapata joto, inajizima, ikipoa inarudi.

Nikajaribu ujanja wa kuihamishia kwenye volti 5 ili joto lipungue. Joto lilipungua kweli, ila ile regulata inahitaji kama volti 2 za kupotea ndani yake ndo ifanye kazi, tano toa mbili, tatu. Nikarudi kwenye ule mvuke wa miwani.

Hapo katikati niliacha kama wiki tatu hivi. Waya ulikuwa umelala mezani nimeufunga ncha kwa tepu, nikawa narudi kwenye betri kimya kimya.

Kilichonirudisha ni moduli ndogo ya LM2596, regulata ya aina nyingine, niliyoitoa kwenye chaja mbovu. Hii haifanyi kama LM317. Ile inazuia umeme kama mtu anayekanyaga bomba la maji, kinachozuiwa kinageuka joto. Hii inafungua na kufunga, mara laki moja na nusu kwa sekunde, halafu koili yake ya ndani na kapasita vinasawazisha ile mikatomikato ikawa volti moja iliyotulia. Inapoteza, ndiyo, lakini kidogo. Na kuna kitu kilinifurahisha sana nilipokipima, koili ya vepa inavuta ampea 2 kwa volti 4 lakini kwenye waya wa njano inaingia kama ampea 0.9 tu, manake wati ni zile zile pamoja na hasara, na volti za upande ule ni nyingi. Ndo maana nikaweza kuweka fyuzi ndogo ya ampea 2 na haijawahi kuungua kwa matumizi ya kawaida. Moduli ile mwisho wake ampea 3, kwa hiyo koili ya omu 2 inatosha, ukishuka chini sana kwenye omu 1 au nusu omu hii sio kifaa chake, tafuta kingine kikubwa.

Moduli ina kiskrubu kidogo cha shaba cha kurekebishia volti, unazungusha kwa bisibisi mizunguko mingi mpaka unachoka. Mi nilitaka kitufe. Nikakichomoa, nikaweka potenshometa ya kilo-omu 10 niliyotoa kwenye redio bovu. Matatizo mawili, na la pili lingeweza kunitoa meno.

La kwanza lilikuwa la kukera tu. Volti ninazozitaka, kuanzia 3 mpaka 5, zote zilikuwa zimebanana kwenye kipande kidogo cha mwanzo wa mzunguko, ukigusa kidogo 3.4, ukipumua 4.6, na sehemu yote iliyobaki ya kitufe ni volti za kuchomea nyumba. La pili, potenshometa ya zamani ina vumbi, ndo maana redio za zamani ukizungusha volumu zinakwaruza. Kwenye redio unasikia mkwaruzo tu. Kwenye regulata, pale kile kidole cha ndani kinaponyanyuka kwenye njia yake hata kwa nukta moja, regulata haioni tena volti zinazorudi, inadhani zimeshuka, inafungua kila kitu ilichonacho. Nilikuwa nazungusha huku nimebonyeza, iko mdomoni, nikasikia kama sauti ya kitu kinakaangwa, nikaitoa haraka, utambi wa kunyonyea maji ya vepa ulikuwa umeshakuwa mweusi na ladha yake nilikaa nayo ulimini mpaka kesho yake.

Mjomba ndo alinionyesha. Kwanza unaunga mguu wa katikati wa potenshometa na mguu wa pembeni usiotumika, kwa hiyo kidole cha ndani kikinyanyuka unabaki na omu zote za potenshometa, hubaki na pengo tupu. Pili unachukua potenshometa ndogo, ya kilo-omu 1, unaitanguliza na rizista ya kawaida ya omu 470. Kwenye moduli yangu rizista ya chini ilikuwa ya omu 330, na chipu inashikilia volti 1.23 pale kati, kwa hiyo chini kabisa inatoka kama 3.0 na juu kabisa 6.7, hata ikikwaruza vipi haipiti hapo. Na kitufe kizima sasa kinatumika, kutoka mwanzo mpaka mwisho, unazungusha kwa raha. Hili nikiulizwa ndo nasema lilikuwa la maana kuliko chipu yenyewe. Watu wanabishana chipu gani nzuri, hii au ile, hakuna anayeuliza ikikosea itakosea kwenda upande gani.

Baada ya hapo nikajiona nimemaliza. Nikatoboa kile kifuniko cha plastiki cha mbele ya boksi, pale sehemu ya CD, nikaweka kitufe, nikaweka kidisplei kidogo cha tarakimu nyekundu kinachoonyesha volti, nikaweka tundu la kuchomeka waya, ikapendeza hasa. Wageni walikuwa wanadhani ni kitu cha kurekebisha feni. Nikaita mjomba aje aone. Akakaa, akavuta mara moja (yeye havuti, alivuta kwa ajili yangu, akakohoa), akaangalia tarakimu. 4.2.

"Hiyo nne nukta mbili umepimia wapi?"

"Hapo hapo mjomba, si inaonyesha."

"Hapo kwenye boksi. Koili iko kwenye boksi?"

Akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye ganda la atomaiza na nyingine kwenye pini, akasema bonyeza. Ikasoma 3.7. Achia, 4.2. Bonyeza, 3.7. Nusu volti nzima ilikuwa inapotea njiani na mimi nilikuwa najisifia tarakimu. Waya ulikuwa wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi ni mita tatu, na kwa ule wembamba wake ulikuwa na kama robo omu, ampea 2 zikipita hapo volti 0.5 zimekwisha. Bila mzigo hakuna kinachopita kwa hiyo hakuna kinachopotea, ndo maana ukipima bila kubonyeza kila kitu ni kizuri. Nikabadilisha nikaweka waya mnene wa milimita za mraba 0.75, ikawa inapotea kama 0.15 tu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema vepa yake iko kwenye volti fulani namsikiliza tu.

Swichi nayo. Nilianza na kile kiswichi kidogo cha kubonyeza chenye miguu minne, kile kinacholia tik kwenye vifaa vingi. Sikujua kwamba vingi vya aina ile vimepangiwa ampea 0.05, mi nikapitisha mbili. Kilivumilia siku kadhaa, halafu siku moja nimeiweka vepa mezani naandika, nasikia harufu, nageuka naona moshi mwembamba unapanda wenyewe bila mtu kubonyeza chochote. Vile vibati vya ndani vilikuwa vimeungana, vimejichomelea vyenyewe. Ningekuwa jikoni je? Nikaweka swichi kubwa ya ampea 3, ngumu kidogo kubonyeza, kidole gumba kinachoka, na nikaona bora kichoke.

Kuna vitu sikuvitarajia pia. Kila nikibonyeza, spika za kompyuta zinalia tk, na nikiachia tk, manake ardhi yao ni moja na mzigo unapoingia kwa ghafla kila aliyeko kwenye ile nyumba anasikia. Niliongeza kapasita kubwa upande wa volti 12, ikapungua, haikwisha. Mtu niliyekuwa naongea naye kwenye kikao cha mtandaoni aliniuliza kama nina saa ya ukutani. Halafu kompyuta ikilala vepa nayo inalala, kwa sababu ikilala unabaki ule waya wa zambarau tu, nyingine zote zinakatika. Mwanzo iliniudhi, baadaye nikaipenda, nikitoka chumbani nikasahau, baada ya dakika kumi na tano kila kitu kimejizima.

Na lile la kupandisha na kushusha nililolililia tangu mwanzo? Ukweli ni kwamba baada ya wiki mbili za kuchezea kitufe nilituliza kwenye 3.7 mpaka 3.9 kwa mzigo, wati kama 7 hivi, nikaweka alama kwa kalamu ya wino nikaacha kukigusa. Chini ya hapo mvuke haupo, juu ya hapo utambi haupati muda wa kunyonya maji mapya, unakauka, unaungua. Sio mambo ya ladha tu hayo. Januari 2015 watafiti wa Portland State University walichapisha barua kwenye jarida la New England Journal of Medicine, walipima mvuke wa vepa kwa volti 3.3 na kwa volti 5.0, kwenye 3.3 hawakukuta kitu, kwenye 5.0 wakakuta kemikali zinazotoa formaldehaidi, ambayo ni sumu, zimejificha kwenye mvuke. Wengine wakawapinga wakasema kwa kifaa kile kwenye volti 5 utambi unakuwa umekauka na hakuna mtu angevumilia kuuvuta. Mi niliposoma nilikumbuka zile siku tatu za waya mwekundu. Mi nilivumilia. Nilikuwa nakohoa najiona mhandisi.

Kwa hiyo kitufe sasa kinatumika pale tu ninapobadilisha koili, manake koili mpya hazifanani hata zikiandikwa omu zile zile, moja nimeipima 1.9 nyingine 2.3, na hiyo tofauti kwenye wati unaiona. Naanza chini, napandisha polepole mpaka ladha ikae, nashusha kidogo, naweka alama.

Haiko tena ndani ya kompyuta lakini. Nilibadilisha boksi, na maboksi mengi ya siku hizi hayana sehemu ya CD kabisa, mbele ni kioo na taa tu, hamna pa kuweka kidude changu. Na kusema kweli nilikuwa nimeshachoka kulala na wasiwasi kwamba kazi zangu zote na vepa vinanyonya ziwa moja. Nikachukua pawa saplai ya boksi la zamani peke yake, waya wa kijani nikauunga na mweusi kupitia swichi ili iwake bila madabodi, nikaweka rizista kubwa ya omu 10 kwenye volti 5 manake ile ya kwangu bila mzigo wowote upande ule volti 12 zinayumba. Kifuniko cha CD nimekigundisha mbele yake na gundi, na kitufe na tarakimu zake na alama ya wino.

Ina feni ya zamani inayolia kama mbu mkubwa, haijizimi yenyewe kama kompyuta ilivyokuwa inalala, na mara mbili tatu nimeamka usiku nikasikia ule mlio nikainuka kwenda kuizima.